Laini Iliyokatika Siku ya Nikahi

Mtu akiniambia mtandao hakuna, namuuliza: umepima? Kama hajapima, namwacha alalamike peke yake. Mke wangu Penina anasema tabia hiyo ndiyo inayofanya tukose wageni hapa Butiama, na mimi sikatai. Rafiki ninaye mmoja wa kunitosha, Abubakary wa Nyasho, mtaa wa Musoma, na Ijumaa ninayoisimulia nilifunga safari kwenda Musoma kwa sababu rafiki yangu huyo alikuwa anamuozesha binti yake wa pekee kwa njia ya kompyuta.

Binti mwenyewe, Hasna, yuko Masqat. Ni mhandisi wa mitandao katika kampuni moja ya huko, na huko huko amempata kijana wa Tanga aitwaye Said. Wazee wa Said walikuwa wamekwenda kumtembelea mtoto wao na walikaribia kurudi nyumbani, kwa hiyo ikaonekana nikahi ifungwe palepale wakiwapo. Abubakary asingeweza kusafiri. Daktari alishamkataza safari ndefu kwa ajili ya presha. Shehe wa kule akakubali baba mtu amuozeshe binti yake kupitia mtandao, ila kwa sharti: uso wake uonekane, sauti yake isikike bila kukatika, na mashahidi wawepo pande zote mbili. Ikishindikana mpaka Magharibi ya kwao ikaribie, binamu yake Abubakary aliyehamia Masqat zamani atasimama badala yake.

Wiki hiyo Hasna alinipigia simu. "Baba mdogo, huyo binamu wa Baba nimemjulia hapa hapa ukubwani," aliniambia. "Nataka aniozeshe Baba mwenyewe. Nimsikie akisema kwa mdomo wake. Naomba ukae pale, laini isikatike."

"Tangu lini laini ikakatika mimi nimekaa hapo?" nikamjibu. Nilijigamba, na nilikuwa na sababu ya kujigamba.

Kabla simu za kutelezesha kidole hazijaenea, mimi na Abu tulifungua duka la intaneti Musoma mjini, chumba kimoja nyuma ya maduka ya vitenge, dishi juu ya bati. Baadaye tukafungua la pili Bunda. Yeye akabaki Musoma, mimi nikakaa Bunda, na kila asubuhi kabla ya kuwasha kompyuta za wateja tulikuwa na desturi yetu. Nafungua lile dirisha jeusi lisilo na picha wala vitufe, naandika ping, amri ya kuiuliza mashine ya mbali kama ipo, nafuatisha anwani ya Musoma, nabonyeza. Mistari ya majibu ikianza kuteremka najua Abu ameamka, umeme upo na dishi halijageuzwa na upepo wa ziwani. Naye huko ananipima mimi. Asubuhi moja nilichelewa kufungua kwa sababu ya malaria, na Abu alivyoona sijibu, alifunga duka akapanda gari akaja Bunda kunitafuta.

Wateja waliliogopa dirisha hilo. Mnunuzi mmoja wa samaki kutoka Kibara, aliyekuwa akija Bunda kusoma barua pepe za kiwanda, aliniona nimeandika tracert na mistari inashuka hatua kwa hatua kuonyesha kila mtambo ambao ujumbe unapitia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama napiga ramli. Nikamwambia ndiyo, na ramli inasema sangara watapungua. Akaondoka bila hata kusoma barua zake.

Hasna alikulia humo. Mama yake alifariki mtoto akiwa hajaanza shule, na Abu, ambaye hakutaka kumwacha kwa watu, alikuwa anakuja naye dukani kila siku. Herufi alizijulia kwenye kibodi. Nilipokuwa Musoma kurekebisha dishi, mimi napanda juu ya bati, yeye chini anaangalia ping na kunipazia sauti: "Bado! Bado! Inajibu, baba mdogo, usiguse tena!" Nikiikumbuka sauti ile natamani siku zile. Nasema wazi, nazitamani, na dishi lake na vumbi lake na kelele za wale vijana waliokuwa wakitafuta wachumba wa Ulaya.

Nilimfundisha amri zote nilizozijua, na kanuni moja: anzia nyumbani. Pima kwanza kompyuta yako. Kisha pima ruta, kile kisanduku cha laini kilichomo ndani ya nyumba. Ndipo utoke nje, hatua kwa hatua. Usikimbilie kulaumu watu wa mbali. Mtoto yule alikuja kunipita mbali, akaenda kusomea kazi hiyo hiyo chuo kikuu. Sisi tuliomfundisha tulifunga maduka yetu simu zilipoenea. Abu akarudi kwenye cherehani ya baba yake, akawa anashona kanzu. Mimi nikarudi Butiama kwenye mihogo na ng'ombe.

Basi Ijumaa hiyo niliingia Nyasho na laptop yangu kuukuu begani. Dada yake Abu, Bi Fatu, alikuwa uani anachambua mchele wa pilau.

"Mzee wa ping huyo kafika!" akasema. "Leo ukituangusha, Machage, hauli hata ukoko."

"Bi Fatu, mimi nilikuwaga nakula kwako hata nisipofanya kazi."

"Ndiyo maana nakuonya."

Abu alinipokea amevaa kanzu mpya aliyoishona mwenyewe, kola imedariziwa kwa mkono. Nilimtania kwamba bwana harusi ataonekana mtumishi wake. Alicheka, lakini cheko fupi. Nikadhani ni njaa. Nilifungua laptop sebuleni, nikaunga kwenye laini ya nyumba, nikapiga ping mpaka Masqat. Majibu yakaja yote, hakuna hata moja lililopotea. Hasna akaniomba anwani ya laini ya pale nyumbani ili naye apime kutoka kwake, nikamtumia. Akanijibu, safi kabisa. Tukaenda zetu, wao msikitini, mimi kutafuta chai.

Baada ya Alasiri sebule ilijaa. Shehe Pazi, imamu wa msikiti wa mtaani kwao, alikaa kulia kwa Abu; mashahidi kushoto; mimi pembeni na laptop juu ya stuli. Kwenye kioo tuliwaona watu wa Masqat kwenye chumba kikubwa chenye zulia jekundu: shehe wao, Said na wazee wake, na yule binamu amekaa kando na kanzu yake nyeupe, tayari kama mchezaji wa akiba. Hasna alikuwa chumba cha pili na wanawake, anasikiliza. Shehe wa Masqat akasoma hotuba ya nikahi, sauti inasikika vizuri mno. Alipomaliza na kumgeukia Abu, Abu akasimama.

"Kofia yangu," akasema.

"Unayo kichwani," nikamwambia.

"Siyo hii." Akaingia chumbani kwake, akarudisha mlango.

Muda si muda picha ya Masqat ikaganda, shehe mdomo wazi. Nikabonyeza huku na huku, hakuna kitu. Nikafungua dirisha jeusi, nikapiga ping kwenda nje: hakuna jibu. Nikapiga tracert: nyota tupu, mstari kwa mstari. Nikaanza kushuku mitambo ya Dar, nikashuku waya wa baharini, nikabadilisha hata zile anwani zinazotafsiri majina ya tovuti, jambo ambalo halikuwa na uhusiano wowote. Abu akatoka na kofia nyingine.

"Vipi tena?"

"Imekata."

"Ah, mitandao ya siku hizi," akasema, akakaa.

Nikiwa bado natukana kimoyomoyo, laini ikarudi yenyewe. Tukaomba radhi Masqat, shehe wao akaanza upya. Alipofika palepale, Abu akahisi koo limekauka, akaingia chumbani kunywa maji. Maji yalikuwa juu ya meza mbele yake, lakini nani atamhesabia mzee maji siku ya kumuozesha binti yake? Picha ikaganda tena.

Hapo nilipandwa na hasira. Niliwapigia watu wa kampuni ya laini, nikamwambia binti aliyepokea kwamba kazi imewashinda. Akanijibu kwa upole kwamba kwao kote taa ni za kijani. Nikamwambia taa za kijani hata kwenye harusi ya mtu mwingine zipo, sisi tunataka intaneti, nikakata simu. Nikamgeukia Abu, aliyekuwa amesharudi kukaa.

"Tutumie simu yangu. Bando ninalo."

"Machage," akasema, "nimuozeshe mwanangu kwenye kasimu, kama mtu anaagiza unga dukani? Hapana. Tungojee laini."

Shehe Pazi akatikisa kichwa kumuunga mkono, kisha akaangalia saa. Kule Masqat jua liko mbele yetu, Magharibi yao ilikuwa inakaribia. Tulijua sote kwamba jaribio linalofuata litakuwa la mwisho, na yule binamu atavuta kiti mbele.

Simu yangu ikaingiza ujumbe wa Hasna: "Baba mdogo, nimepiga tracert kutoka huku. Njia yote nzima mpaka mtambo wa Musoma mjini. Inafia mlangoni kwetu. Umeanzia nyumbani?"

Uso uliniwaka. Mimi niliyemfundisha! Nilikuwa nimepima Dar, nimepima bahari, nimemtukana mtoto wa watu wa kampuni, na ruta iliyomo ndani ya nyumba ile ile nilikuwa sijaigusa. Laini ilikuwa imesharudi. Nikaandika ping kwenda kwenye ruta, nikaiacha iendelee bila kukoma, nikaisogeza pembeni mwa kioo mahali ninapoiona mimi peke yangu. Inajibu. Inajibu. Inajibu. Masqat wakatokea, shehe wao akasema kwa adabu kwamba hii sasa ndiyo ya mwisho, akaanza hotuba kwa mara nyingine.

Alipomaliza, Abu akashika magoti yake, akainuka. "Dawa yangu ya presha," akasema. "Nakuja."

Safari hii sikumwangalia yeye. Niliangalia kona ya kioo. Mlango wa chumbani ukafungwa. Inajibu. Inajibu. Kisha ikasimama, na baada ya kitambo ikaandika kwamba muda umekwisha bila jibu. Hitilafu haikuwa Dar wala baharini. Ilikuwa kwenye hatua ya kwanza kabisa, nyuma ya ule mlango.

Nikanyanyuka, nikawaambia watu nakwenda kuangalia kifaa, nikaingia chumbani bila kubisha hodi.

Abu alikuwa amesimama kando ya kitanda, karibu na dirisha ambako waya wa laini unaingilia. Ruta ilikuwa juu ya kabati, taa zote zimezimika. Kidole chake kilikuwa bado juu ya swichi ya ukutani.

"Abu! Unafanyaga nini wewe?"

"Punguza sauti."

"Nipunguze? Nimeaibika mbele ya watu! Nimemgombeza binti wa kampuni! Kama kijana humtaki si ungesema tangu posa?"

"Said hana neno. Kijana mzuri, anaswali, anamheshimu mwanangu."

"Sasa?"

Akakaa kitandani. Kanzu yake nzuri ikajikunja, hata hakuiangalia, yeye ambaye mkunjo wa kanzu ya mteja humkosesha usingizi.

"Kila nikiongea naye ananiambiaga, Baba, mkataba ukiisha narudi," akasema. "Mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, hivyo hivyo. Mimi chumba chake napigaga deki kila Jumamosi. Shuka nabadilisha. Fatu ananichekaga. Leo nikishatamka lile neno, Machage, naenda kupiga deki chumba cha nani?"

Akalia. Sikuwahi kumwona Abu akilia, hata siku tuliyomzika mama Hasna, maana siku ile alikuwa amembeba mtoto. Hasira yangu ikaniisha yote. Watoto wangu mimi wako Mwanza na Dodoma, na Penina bado anawapikia kwa mazoea, chakula kinabaki.

Simu ikaita mfukoni mwangu. Hasna. Nikapokea.

"Baba mdogo, imekatika tena. Ni Baba, siyo?"

Ningeweza kusema ni umeme. Lakini katika kazi yetu majibu hayapikwi. Ukishapima, unasema ulichokiona. Nikasema, "Ndiyo, mwanangu. Ni baba yako."

"Nipe niongee naye."

Nikampa simu, nikataka kutoka. Abu akanishika mkono, nikabaki. Chumba ni kidogo na simu yangu ina sauti kubwa, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Usiponiozesha wewe nitaozeshwa na huyu mzee, yuko hapa anasubiri. Kuolewa nitaolewa leo. Na kuondoka nilishaondoka, Baba. Zamani. Wewe mwenyewe ulinibebea begi mpaka kwenye basi. Leo siombi ruhusa ya kuondoka. Naomba tu, anayenitoa awe wewe."

Abu akajifuta uso kwa mkono wa kanzu. "Na mkataba ukiisha?"

Nikamwomba Mungu Hasna asimdanganye baba yake, kisha nikamwomba amdanganye.

"Sitarudi kukaa, Baba," Hasna akasema. "Nitakuja kukuona, kila likizo nitakuja. Lakini kukaa, hapana. Nilikuwa nashindwa kukwambia. Nisamehe."

"Ungeniambia."

"Ungelia."

"Sasa si nalia?"

Nikawasikia wote wawili wanacheka, cheko lenye machozi ndani yake. Abu akanirudishia simu. Akainuka, akainyosha kanzu kwa viganja, mbele na nyuma, akabonyeza swichi kwa kidole kile kile. Tukakaa kitandani bega kwa bega, wazee wawili, tukiangalia ruta inavyoamka: taa moja, nyingine, ile ya tatu inayosumbua, mpaka zote zikatulia.

"Twende," akasema.

Sebuleni Bi Fatu alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, akamtazama kaka yake machoni, akarudi uani. Masqat wakatokea. Yule binamu alikuwa ameshasogeza kiti. Alipomwona Abu akakirudisha nyuma taratibu. Shehe wao hakurudia hotuba, alimwambia tu, "Haya, mzee wetu."

Abu akaisogelea kompyuta. Akasema, kwa sauti aliyokuwa akiitumia zamani kuwatangazia wateja kwamba muda wao umekwisha, kila neno peke yake: "Said, nimekuozesha binti yangu Hasna kwa mahari mliyokubaliana." Said akajibu palepale, bila kukwama, kwamba amekubali kumuoa. Hakuna kilichoganda. Ping yangu ilikuwa bado inateremka pembeni, na sikupoteza jibu hata moja.

Vigelegele vikapigwa kule, vikapigwa na uani kwetu. Wakamleta Hasna mbele ya kamera, amepambwa hina mpaka viwikoni. Alisema, "Ahsante, Baba," akaweka kiganja chake kwenye kioo cha upande wake, na Abu akaweka chake upande wetu, vikakutana vibaya vibaya, kwa maana kamera haikuwa imekaa sawa. Kisha wanawake wakamchukua kwenda kupigwa picha.

Chumba cha Masqat kikaanza kupungua watu. Wa kwetu nao walikuwa wamesikia harufu ya pilau, wakatoka mmoja mmoja kumpa Abu mkono na kwenda kunawa. Tukabaki sisi wawili. Kazi ilikuwa imekwisha, nikapeleka mkono kuifunga laini.

Abu akanidaka kifundo. "Acha," akasema. "Usikate."

"Hakuna mtu, Abu. Wote wametoka."

"Najua."

Nikaondoa mkono. Kwenye kioo kulikuwa na viti vitupu, zulia jekundu, mwanamke mmoja asiyetujua anakusanya vikombe. Mtoto wa watu akapita mbio akifukuza puto. Mahali fulani nyuma ya ukuta wanawake walikuwa wanacheka, na Abu aliinamisha sikio kila cheko lilipopanda, kutafuta lake mle ndani. Bi Fatu akaniita mara mbili nikale, nikamwambia nakuja. Betri ya laptop ikaanza kulia. Kumbe kuna mtu alikuwa amechomoa chaja yangu ili achomeke jagi la chai. Abu hakugeuka. Mimi nikainuka kwenda kutafuta chaja.